Taka za Mji Unaohama

Dhahabu ikionekana mahali papya katika ukanda unaotoka Shinyanga na Kahama kuelekea Geita, habari haikawii kuenea. Siku ya kwanza hufika vijana wachache wenye sururu na ndoo. Wiki haijaisha wamekwisha kufika mama ntilie na masufuria yao, wauza maji wenye madumu juu ya baiskeli, vinyozi, mafundi wa pampu, na wanunuzi wa dhahabu wenye mizani ndogo za mfukoni. Vibanda husimamishwa kwa miti michache na maturubai. Mwezi ukimalizika, shamba ambalo msimu uliopita lilikuwa la pamba au mtama huwa na wakazi elfu kadhaa. Wachimbaji wenyewe huliita jambo hili rashi.

Mji wa namna hii hauna ramani, hauna diwani wake, wala haujui utadumu kwa muda gani. Unaweza kuishi miezi mitatu, unaweza kuishi miaka thelathini. Mwamba ukipoteza dhahabu, au sifa za rashi nyingine zikisikika umbali wa kilomita 60, maturubai hukunjwa, masufuria hufungwa juu ya baiskeli na pikipiki, na mji huondoka. Hata miti ya vibanda hung'olewa ikatumike mbele ya safari. Kitu ambacho hakihami ni taka.

Jinsi ya kuondoa taka katika makazi ya watu wanaohamahama ni swali la sayansi kwa kiasi kile kile ambacho ni swali la utawala. Ndani yake mna elimu ya wadudu, elimu ya udongo, kemia ya zebaki na hesabu za kawaida kabisa za darasani. Mwalimu wa sekondari aliye karibu na Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Kakola au Mwakitolyo hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano ya kufundishia.

Mwenye mji ni nani?

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu mwaka 1898, wakati wa utawala wa Wajerumani, na mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Huko Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, mtaalamu wa miamba John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na kampuni yake ikajenga mji kamili wenye nyumba, shule na hospitali. Katika miji ya kampuni swali la taka lilikuwa na mtu wa kuulizwa. Ardhi, nyumba na mshahara vilitoka mkono mmoja, na mkono huo huo ungeweza kuajiri wazoaji.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1980, raia walipoanza kuruhusiwa kuchimba na kuuza madini kwa uhuru zaidi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1996 ulikadiria kwamba wachimbaji wadogo nchini walikuwa zaidi ya nusu milioni. Migodi mikubwa ya kisasa ilirudi baadaye, ule wa Geita ukianza uzalishaji mwaka 2000, lakini makambi ya wachimbaji wadogo hayakutoweka. Yaliongezeka.

Katika kambi ya rashi mahali ni pamoja lakini wenyewe ni wengi. Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo ana haki juu ya madini yaliyo chini. Ardhi ya juu ni ya mkulima au ya kijiji. Shimo, ambalo wachimbaji huliita duara, lina mwenye duara wake aliyetoa fedha za pampu, magogo na chakula. Kibanda ni mali ya mpangaji ambaye kesho anaweza kuwa Chunya. Kila mmoja kati ya hawa anaweza kusema kwa haki kwamba takataka zile si zake.

Linganisho moja lasaidia kuliona jambo hili vizuri. Nchini Marekani kuna viwanja vyenye mamia ya nyumba zilizoundwa kiwandani na kuletwa juu ya magurudumu. Aghalabu nyumba ni mali ya mkazi, bali ardhi ni ya mwenye kiwanja, naye hutoza kodi kila mwezi. Katika viwanja vingi mwenye ardhi ndiye anayeweka pipa kubwa la chuma la pamoja au kupatana na kampuni ya uzoaji, na gharama huingizwa katika kodi. Magomvi hayakosekani: wapita njia hutupa magodoro yao katika pipa lisilo lao, na pipa likijaa kabla ya siku yake kila mpangaji humlaumu jirani. Hata hivyo yupo mtu mmoja ambaye mlango wake unaweza kugongwa. Kambi ya dhahabu inakosa mlango huo, na ukosefu huo unadhuru kuliko ukosefu wa magari.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaziwekea serikali za mitaa wajibu wa kushughulikia taka ngumu. Lakini gari la halmashauri, pale lilipo, huhudumia mji wenye barabara na wenye walipa ada wanaojulikana. Kambi iliyozaliwa mwezi uliopita mwisho wa njia ya ng'ombe haimo katika orodha yake, na pengine itakapoingizwa katika orodha itakuwa imekwisha kuhama.

Hesabu ya kambi ya watu 5,000

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba mkazi wa Afrika kusini ya Sahara hutoa kwa wastani gramu 460 za taka kwa siku. Wastani huu si sheria. Mtu wa mjini huuzidi na mtu wa kijijini mara nyingi huwa chini yake. Kwa kuwa mkazi wa rashi hula chakula cha kununua na kunywa maji ya chupa, yafaa kuutumia bila kuupunguza. Kambi ya watu 5,000 basi hutoa kilo 2,300 kwa siku, yaani tani 2.3.

Uzito huu wachukua nafasi kiasi gani? Taka za nchi zetu ni nzito kuliko za nchi tajiri, kwa sababu zimejaa maganda yenye maji, majivu na mchanga. Zikiwa hazijashindiliwa, kilo 300 katika mita moja ya ujazo ni kadirio linalofaa. Gawanya 2,300 kwa 300, na jawabu ni karibu mita za ujazo 7.7 kila siku. Shimo la taka lenye upana, urefu na kina cha mita 3, ambalo vijana wanne wenye nguvu watatoka jasho kulichimba katika ardhi ngumu, lina mita za ujazo 27. Litajaa katika siku tatu na nusu. Likishindiliwa vizuri huenda likafika wiki moja. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini agizo la kwamba kila kambi ichimbe shimo la taka, ambalo hutolewa kila ugonjwa unapozuka, hutekelezwa kwa juma moja na kusahauliwa.

Ndani ya tani hizo zaidi ya nusu ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, viazi na mihogo, mabaki ya ugali, majani ya mboga, utumbo wa samaki. Yafuatayo ni majivu ya mkaa. Kisha huja vitu ambavyo mkulima wa zamani wa Usukuma hakuvijua: magunia ya plastiki ambayo mawe ya dhahabu hubebewa, chupa za maji, mipira iliyopasuka ya kupeleka hewa shimoni, betri za tochi, makopo ya oili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na pombe kali za vifuko, zilizojulikana kama viroba, zilipigwa marufuku mwaka 2017. Marufuku hizo zilipunguza mandhari mbaya ya nailoni zilizonasa katika miiba. Magunia ya mawe, ambayo nayo huitwa viroba, yangali yapo, na jua la Shinyanga huyavunjavunja kuwa nyuzi nyembamba zinazopeperuka hadi malishoni.

Siku nne za nzi

Mara ngapi kwa wiki taka ziondolewe? Swali hili hujibiwa mara nyingi kwa kutazama mfuko wa fedha. Jawabu lake la kwanza lapaswa kutoka kwa nzi.

Nzi jike wa nyumbani hutaga mayai yapatayo 100 hadi 150 kwa mkupuo mmoja, hasa katika vitu vinavyooza vyenye unyevu. Katika joto la mchana wa kanda hii mayai huanguliwa katika muda usiozidi siku moja. Mabuu hula na kukua kwa siku nne au tano hivi, kisha huacha uozo na kutambaa kutafuta udongo mkavu wa kujigeuza pupa. Baada ya siku chache nyingine nzi kamili huruka. Safari yote, tangu yai hadi mabawa, huweza kumalizika katika siku saba hadi kumi.

Ukiyafahamu haya, utaona kwamba kuzoa mara moja kwa wiki si nusu ya kuzoa mara mbili. Anayezoa kila siku ya saba hukuta mabuu yamekwisha kuondoka na kujichimbia pembeni mwa kizimba, hivyo huchukua taka na kuacha nzi. Anayezoa kila siku ya tatu huyachukua mabuu pamoja na taka, na yakifukiwa kwa udongo ulioshindiliwa mengi yake hayatoki. Tofauti ya siku chache hugeuza kazi yote. Mwanafunzi anayetaka kulithibitisha hili aweke kipande cha samaki katika chupa mbili pana zenye mchanga mkavu chini. Aziache wazi kwa siku moja, kisha azifunike kwa kitambaa chepesi. Kipande cha chupa ya kwanza kiondolewe siku ya tatu, cha pili siku ya saba, na nzi watakaotoka katika mchanga wahesabiwe.

Yafaa hapa kusahihisha kosa linalorudiwa mara nyingi: taka zenyewe hazizai kipindupindu. Vijidudu vya kipindupindu hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia kwa maji au chakula. Katika mlipuko ulioanza Agosti 2015 na kuendelea hadi mwaka 2018, Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 30,000. Kambini taka huingia katika mnyororo huu kwa milango miwili. Kwanza, nzi aliyetua chooni hutua baadaye juu ya wali wa mama ntilie. Pili, mahali ambapo vyoo ni vichache, kinyesi hufungwa katika mfuko na kutupwa jaani. Mvua ya kwanza ya Novemba hufanya yaliyobaki.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, na vyoo vingi vilichimbwa vijijini. Fikra yake ilikuwa nzuri, nayo ilitegemea jambo moja ambalo halikuhitaji kusemwa: kwamba mwenye kuchimba choo angekaa hapo akitumie. Mchimbaji wa rashi hafanyi uzembe anapokataa kuchimba choo cha mita nne. Amepiga hesabu ya siku zake. Ndiyo maana vyoo na vizimba vya kambi havina budi kuwa vya pamoja, na kulipiwa kwa siku au kwa wiki, kama vile maji ya kunywa yanavyolipiwa.

Udongo wa Usukuma na mahali pa jaa

Mzee wa Kisukuma anapopita shambani hutaja udongo kwa majina. Mchanga mwepesi wa mteremko wa juu, chini ya vilima vya mawe, ni luseni. Chini yake huja itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Majina haya yanafuatana toka juu hadi chini kwa utaratibu ule ule, kilima baada ya kilima. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza mfuatano wa namna hiyo na kuuita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, catena. Neno hilo limo leo katika vitabu vya udongo duniani kote, nalo lilitokana na vilima vya Afrika Mashariki.

Kwa mtu anayetafuta mahali pa jaa, mnyororo huu ni ramani. Luseni huvutia, kwa kuwa huchimbika kwa urahisi. Lakini maji machafu yanayotoka katika uozo huzama upesi ndani ya mchanga, hukuta tabaka gumu, kisha hutembea kimya kimya chini ya ardhi kufuata mteremko, na hujitokeza pale ambapo watu wa chini wamechimba visima vyao vya mchanga. Mbuga nayo yaonekana salama, kwa sababu mfinyanzi uliolowa haupitishi maji. Ila wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zenye kina, na masika ikifika bonde lote hufurika na takataka huelea. Mahali pa kufaa zaidi huwa katikati, juu ya kimo cha mafuriko, penye udongo wa mfinyanzi usio mweusi, upande usiokuwa na visima mteremkoni. Palipo na udongo mwekundu wenye chuma kingi, unaotokana na miamba ya kijani ya ukanda wa dhahabu, kuna faida ya ziada: udongo huo hushika zebaki na kuizuia isisafiri mbali.

Shule yoyote inaweza kupima. Chimba kishimo cha kina cha sentimita 30, kijaze maji, yaache yazame, kijaze tena, kisha utazame saa. Maji yakishuka sentimita 10 katika dakika chache, hapo si mahali pa taka. Yakichukua saa nzima au zaidi, mahali pastahili kufikiriwa. Kipimo hiki kirudiwe toka juu ya mteremko hadi chini, na matokeo yachorwe katika karatasi ya grafu. Mara nyingi majina ya mzee na tarakimu za wanafunzi hukubaliana.

Kitambaa katika moto

Hadi hapa kambi ya dhahabu haitofautiani sana na kambi ya wavuvi au mnada wa ng'ombe. Tofauti huletwa na zebaki.

Kwenye mialo ya kuchenjulia, mawe yaliyosagwa katika makarasha huoshwa, na unga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki. Zebaki hushikamana na dhahabu na kufanya bonge. Mchenjuaji hulifunga bonge hilo katika kitambaa na kulikamua, na zebaki ya ziada hutoka kwa matone. Linalobaki, ambalo karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki, huchomwa. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za sentigredi, wakati dhahabu haiyeyuki kabla ya nyuzi 1,064. Kwa hiyo jiko la mkaa hutosha kuzitenganisha: dhahabu hubaki, zebaki huruka hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu Tanzania na Zimbabwe ulikadiria kwamba kati ya asilimia 70 na 80 ya zebaki inayopotea huenda hewani.

Uchomaji huo umeandikwa mara nyingi. Jambo lisiloandikwa sana ni safari ya kile kitambaa. Nyuzi zake zimeshika vitone vidogo vya zebaki. Kikichakaa hutupwa, na chupa iliyokwisha zebaki hutupwa vilevile, nazo zote huishia katika lundo lile lile la maganda na karatasi. Lundo likikauka huwashwa moto, kwa kuwa moto ndio mzoaji wa taka asiyedai posho. Moto wa takataka kavu hupita nyuzi 600 bila shida. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Anayeutunza moto huo, akichokoa kwa mti ili uwake vizuri, kwa kawaida ni mtoto.

Mwili hupunguza nusu ya zebaki iliyoingia kwa njia hii katika muda wa takriban miezi miwili, lakini anayevuta mvuke kila wiki huongeza upesi kuliko mwili unavyotoa. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia. Mradi wa kimataifa wa zebaki ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda ulifanya kazi katika nchi sita, na kwa Tanzania kambi ya Rwamagasa ndiyo iliyochunguzwa. Ilionekana kwamba wachomaji walikuwa na dalili za sumu kuliko wengine, na kwamba sehemu kubwa ya zebaki iliyomwagika ilikuwa ingali karibu na mialo yenyewe. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima samaki wa Ziwa Victoria na kukuta zebaki kidogo kwa jumla. Ziwa, basi, lilikuwa katika hali nzuri kuliko ilivyohofiwa. Mapafu ya wachenjuaji hayakuwa hivyo.

Mkataba wa Minamata, unaochukua jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, unataja uchomaji wa wazi na uchomaji katika maeneo ya makazi kuwa miongoni mwa desturi zinazopaswa kukomeshwa. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Chombo kiitwacho ritoti, yaani kopo la chuma lililofungwa lenye bomba la kupoozea mvuke, hurudisha sehemu kubwa ya zebaki kwa mwenyewe. Kwa upande wa taka dawa ni nyepesi zaidi: ndoo moja yenye kifuniko na maji kidogo, iwekwe mwaloni, ipokee vitambaa na chupa tu, na isikaribie moto kamwe. Wanafunzi wasiokote wala kupima vitu hivi kwa mikono yao.

Kutenganisha na kubeba

Wengi huamini kwamba vinavyooza vikitenganishwa na vingine, mzigo wa kubeba utapungua kwa zaidi ya nusu. Uzito hupungua, ni kweli. Lakini tuseme asilimia 60 imeondolewa: katika kilo 2,300 zabaki 920. Hizo ni chupa, magunia na karatasi, vitu vyepesi visivyoshikamana, na mita moja ya ujazo hubeba labda kilo 150 tu. Nafasi inayohitajika ni mita 6.1. Mkokoteni wa mita 0.6 uliokuwa ukienda safari 13 kwa siku sasa utakwenda 11. Akiba ni safari mbili.

Faida ya kweli iko kwingine. Mzigo uliobaki hauozi, hivyo hauharakishwi na nzi. Unaweza kungoja wiki mbili katika kizimba kilichofunikwa hadi guta la kukodi lipatikane, na chupa na vyuma chakavu vilivyo safi hupata mnunuzi. Vinavyooza, ambavyo ndivyo vyenye haraka, havina haja ya kwenda mbali. Vikipangwa kwa tabaka pamoja na mabua makavu ya mahindi na udongo, na kugeuzwa kila wiki, lundo hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 na kuua mabuu na vijidudu vingi. Majivu yawekwe kidogo tu. Mboji inayopatikana yatakiwa na bustani za mboga, ambazo kambi huzihitaji, mradi tu hapakuingia kitambaa cha zebaki wala betri.

Kuhusu fedha, kambi yenyewe imekwisha kutoa somo. Mchanga uliokwisha kuoshwa, unaoitwa marudio, wangali na dhahabu kidogo, nao hununuliwa na wenye matangi ya sainaidi. Lundo la marudio hulindwa usiku na mchana. Hatua ishirini kutoka hapo lundo la maganda halina mlinzi wala mwenyewe. Vyote viwili ni mabaki; kimoja kina bei. Katika makambi mengi viroba vya mawe hugawanywa kwa desturi inayojulikana: fungu la mwenye leseni, la mwenye ardhi, la mwenye duara, na la wachimbaji. Kila kiroba hupita mwaloni. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mji unaohama hupita katika mlango mmoja, na fungu dogo likitengwa hapo lingeweza kulipa posho ya wasukuma mikokoteni watatu au wanne kwa watu 5,000. Kukusanya ada kibanda kwa kibanda, kutoka kwa watu wanaobadilika kila wiki, ni kupoteza jioni. Wenyeji wa Shinyanga na Kahama, waliounda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulinda ng'ombe wao bila kungoja mtu, hawahitaji kufundishwa jinsi ya kuendesha jambo la pamoja. Wanachohitaji ni kukubaliana na wageni kabla rashi haijapoa.

Baada ya mji kuondoka

Kambi nyingine haziondoki. Nyarugusu na Rwamagasa zimekuwa makazi ya kudumu, na hapo jaa la mwaka wa kwanza hujikuta chini ya nyumba za matofali. Mahali rashi inapokwisha kweli, wa kwanza kurudi shambani ni ng'ombe. Ng'ombe wa kiangazi mwenye njaa ya chumvi hutafuna nailoni na nyuzi za viroba zilizoloa mabaki ya chakula. Plastiki haimeng'enywi. Hukusanyika katika tumbo la kwanza na kufanya donge, mnyama hukonda huku tumbo limejaa, na wachinjaji wa machinjioni wanayafahamu madonge hayo vizuri.

Kwa hiyo jaa lifungwe kabla ya turubai la mwisho kukunjwa. Udongo wa kina cha sentimita 60 uliotolewa shimoni, ulioshindiliwa na kuinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, hutosha kuzuia ng'ombe, mbwa na kongoti. Kuzunguka kwake ipandwe minyaa, ambayo katika nchi ya Wasukuma hushika kwa kijiti tu na hailiwi na mifugo. Katika misimu michache ua huo utakuwa umefungamana, na mtu atakayekuja miaka mingi baadaye kutafuta mahali pa kisima ataona kwamba hapo hapachimbwi.